Utepe Ukishakatwa, Nani Atapanda Juu ya Paa?

Februari 2016 serikali ya China ilitoa mwongozo mpya wa mipango miji. Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa humo ni majengo makubwa kupita kiasi, yanayoiga ugenini na yenye maumbo ya ajabu ajabu. Rais Xi Jinping alikwisha kulisema hilo Oktoba 2014, alipokutana na wasanii na waandishi jijini Beijing, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni majengo gani yaliyomkera. Makao makuu ya televisheni ya taifa, CCTV, yaliyokamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa Rem Koolhaas na Ole Scheeren, ni minara miwili iliyoinama na kuunganishwa kileleni kwa kiungo kizito kinachoning'inia hewani bila nguzo. Watu wa Beijing hawakuchelewa kulibandika jengo hilo jina la nguo ya ndani. Maneno ya mwongozo yangeeleweka barabara katika Paris ya mwaka 1887, pale waandishi na wasanii wenye majina makubwa, akiwamo Guy de Maupassant na mtunzi wa muziki Charles Gounod, walipochapisha katika gazeti la Le Temps barua kali ya kuupinga mnara wa chuma ambao Gustave Eiffel alikuwa ameanza kuusimamisha. Mnara huo leo ndio sura ya Paris. Mtu akitaka kuchora jiji hilo kwa mistari minne, huuchora huo.

Kisa hiki cha Eiffel husimuliwa mara nyingi na watetezi wa majengo ya ajabu, na wao hukitumia vibaya. Husema: mnaona, waliocheka jana wanapiga picha leo, kwa hiyo tuacheni tujenge. Lakini jicho huzoea kila kitu, kizuri na kibaya, na kuzoeleka hakuthibitishi chochote. Upande wa pili nao, ule wa wanaotaka miji iliyonyooka na ya adabu, unahukumu kwa jicho lilelile. Ugomvi wa sura unaweza kuendelea miaka mia bila kumnufaisha mtu yeyote anayelipa kodi. Swali linalofaa kuulizwa juu ya jengo la ajabu, kabla ya mchoro wake kupitishwa, ni la nani atakayelitengeneza. Mnara wa Eiffel ulipewa kibali cha kusimama miaka 20 tu. Uliokolewa na matumizi yake katika mawasiliano ya redio, na umedumu kwa sababu ya kazi isiyo na sifa hata kidogo: takriban kila miaka 7 mafundi huupanda na brashi na kuupaka upya tani 60 hivi za rangi. Eiffel mwenyewe alisisitiza kwamba uhai wa mnara wa chuma uko kwenye rangi. Alijua alichokijenga, na alijua kingehitaji nini baada yake.

Kwa nini swali hili liyahusu majengo ya ajabu kuliko mengine? Kwa sababu nyumba ya kawaida ya matofali na mabati ina ndugu mtaa mzima. Bati likitoboka, duka la vifaa liko kona ya pili, na fundi yeyote anayejua kazi atalibadilisha bila kuuliza lilichorwa na nani. Jengo la ajabu halina ndugu. Kona zake ni zake peke yake, kioo chake kimekatwa kwa kipimo chake, mfereji wake wa maji ya mvua unapita mahali ambapo fundi wa kawaida hangefikiria kuutafuta. Anayelijenga, kama ana akili timamu, analazimika kujenga vitu viwili kwa pamoja: jengo lenyewe, na watu watakaoliweza. Kitu cha kwanza huonekana kwenye picha za uzinduzi. Cha pili hakionekani, na ndiyo maana husahaulika.

Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, unaonyesha jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kuzaliwa pamoja. Jengo lililopo sasa lilijengwa mwaka 1906 na 1907 na mafundi waashi wa mji huo wakiongozwa na Ismaila Traoré, kwa matofali ya udongo na lipu ya udongo. Ukubwa wake na kuta zake zenye magogo ya mitende yaliyochomoza kwa safu, kama miiba, huufanya kuwa moja ya majengo yasiyofanana na lolote duniani. Mgeni huyaona magogo hayo kuwa pambo. Fundi wa Djenné huyaona kuwa jukwaa: ndiyo anayoyapanda kila mwaka anapokwenda kupiga lipu upya. Mvua ya msimu mmoja inatosha kuanza kuulamba udongo, kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, mji mzima hutoka. Tope huwa limelowekwa siku nyingi pamoja na pumba za mpunga. Vijana hulibeba kwa makapu wakikimbia, wanawake huteka maji, na waashi wa chama chao cha urithi husimamia kazi iende inavyotakiwa. Wazee hukaa wakitazama. Msanifu wa jengo hilo alilichora akiwa na hakika kwamba litabomoka lisipoguswa, na akaweka ngazi ukutani. Novemba 2009 mvua kubwa iliangusha sehemu ya juu ya mnara mmoja. Ilijengwa tena, kwa sababu wanaojua kuijenga wanaishi pale pale, na ujuzi wao haujawahi kukatika.

Mtu anaweza kusema Djenné ni mji wa kale wenye dini moja na mila moja, na kwamba mji wa kisasa hauwezi kuishi hivyo. Basi twende Japani, nchi ambayo hakuna anayeilaumu kwa kukosa usasa. Mwaka 1972 Kisho Kurokawa alikamilisha jijini Tokyo jengo lililoitwa Nakagin: minara miwili ya zege ambayo juu yake vilifungwa vyumba vidogo 140 vya chuma, kila kimoja kama sanduku lenye dirisha la duara, kitanda, choo na redio ndani. Fikra yake ilikuwa ya kupendeza sana. Minara ingedumu, vyumba vingechakaa, na kila baada ya miaka 25 hivi kila chumba kingeng'olewa na kufungwa kipya. Jengo lingekuwa kama mwili unaojibadilishia ngozi. Hakuna chumba hata kimoja kilichowahi kubadilishwa. Vyumba vilikuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na mfuko wake na maoni yake. Hapakuwa na mfuko wa pamoja uliotosha, wala kiwanda kilichobaki kikisubiri oda ya masanduku 140. Maji yakaanza kupenya. Mwaka 2022 jengo lilibomolewa, na baadhi ya vyumba vikaokolewa ili viwekwe kwenye majumba ya makumbusho.

Katika nchi hiyohiyo, hekalu kuu la Ise hubomolewa na kujengwa upya kwenye kiwanja cha jirani kila baada ya miaka 20. Desturi hiyo ilianza karne ya saba, ikakatika zaidi ya miaka mia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikarudi, na mara ya mwisho ilitimizwa mwaka 2013. Kurokawa na makuhani wa Ise walikuwa na wazo moja, la jengo linaloishi kwa kubadilishwa. Tofauti ni kwamba Ise kuna msitu unaokuzwa kwa ajili ya mbao za miaka ijayo, na kuna maseremala wanaofundishwa na waliojenga mara iliyopita. Miaka 20 imepangwa kwa busara: kijana anayebeba mbao leo atakuwa msimamizi wakati ujao na mzee wa kushauri wakati ule mwingine. Nakagin ilikuwa na mchoro wa mabadiliko bila wabadilishaji. Kipaji cha Kurokawa hakina shaka. Kilichokosekana ni mkataba wa kuwafunga wamiliki, mfuko wa fedha, na karakana.

Kwetu, mfano mchungu zaidi unatazama bandari ya Unguja. Sultani Barghash bin Said alilisimamisha jumba la Beit-al-Ajaib mwaka 1883, na kwa wakati wake lilikuwa kitu cha kushangaza kwelikweli: jumba refu kuliko yote pwani hii, lenye veranda pana kila ghorofa, likibebwa na nguzo ndefu za chuma zilizoagizwa ng'ambo, na baadaye likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza kuwa na lifti. Lilichanganya mambo ambayo hayakuwa yamekutana: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, jambo ambalo waashi wa Mji Mkongwe walilijua tangu enzi za mababu, pamoja na chuma cha viwandani ambacho hakuna mhunzi wa Unguja aliyewahi kukisubu. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zililishambulia eneo la kasri kwa mizinga katika vita visivyofika hata saa moja. Kasri la jirani liliharibiwa, mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika vibaya, lakini Beit-al-Ajaib lilibaki limesimama. Baada ya vita mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wa jumba lenyewe, nao ndio tuliouzoea katika picha.

Jumba lililoistahimili mizinga ya jeshi la majini lilikuja kushindwa na miaka ya kawaida. Liligeuzwa ofisi za utawala wa kikoloni, baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha ASP, kisha likawa makumbusho ya taifa. Kila mpangaji alilitumia; ni vigumu kuonyesha ni yupi aliyelea ujuzi wa kulitunza. Mwaka 2012 sehemu ya veranda ilianguka. Mji Mkongwe ulikuwa tayari kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jumba hilo lilikuwa kwenye kila kadi ya posta na kila kijitabu cha watalii. Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati uliogharimiwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Tusijidanganye kwamba lilikosa kupendwa. Lilipendwa na kila aliyepita Forodhani jioni. Upendo wa namna hiyo haujui chokaa inalowekwa muda gani kabla ya kutumika, wala haugundui boriti iliyooza ndani ya ukuta mpana. Chumvi ya bahari hula chuma polepole, na maji yakishapata njia kwenye paa huteremka ghorofa kwa ghorofa bila kelele. Kazi ya kuyazuia ni ya mtu mmoja au wawili wanaopanda juu kila baada ya mvua, mwaka hadi mwaka, kwa mshahara unaofahamika.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa umaskini, na kwamba majengo ya nchi tajiri hayaugui hivyo. Chuo Kikuu cha MIT, nchini Marekani, hakina njaa. Mwaka 2004 kilifungua Stata Center, jengo la Frank Gehry lenye kuta zinazoegemeana kama watu waliochoka, kwa gharama ya dola milioni 300 hivi. Mwaka 2007 chuo hicho hicho kilimshtaki Gehry na mkandarasi mahakamani kwa madai ya kuvuja, nyufa na ukungu. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2010. Linalochekesha ni historia ya kiwanja. Pale pale palikuwa na Building 20, banda la mbao la ghorofa tatu lililojengwa haraka mwaka 1943, wakati wa vita, kwa ajili ya utafiti wa rada, kwa makusudi kwamba vita vikiisha lingebomolewa. Likaishi miaka 55. Lilikuwa na joto wakati wa joto na baridi wakati wa baridi, na hakuna aliyewahi kulisafiria ili alipige picha, lakini wanasayansi walilipenda mno kwa sababu moja kuu: ukitaka kupitisha waya unatoboa ukuta, ukitaka dari liwe juu zaidi unaondoa sakafu, na hakuna wa kukukataza. Watumiaji wake walikuwa mafundi wake. Sisemi vyuo vikuu virudi kwenye mabanda. Nasema kwamba banda hilo lilikuwa na kitu ambacho mamilioni yale hayakukinunua, na mtu anayeagiza jengo la ajabu anapaswa kukitaja kwenye mkataba kwa sababu hakiji chenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni Sydney. Atakayenipinga atasema: kwa kipimo chako cha mafundi na mifuko ya fedha, jumba la opera la Sydney lisingejengwa kamwe. Na takwimu zinamuunga mkono. Mdenmark Jørn Utzon alishinda shindano mwaka 1957 kwa michoro ambayo mwenyewe hakujua bado ingejengwaje. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia na kumaliza mwaka 1963. Lilifunguliwa Oktoba 1973 likiwa limemeza milioni 102, sehemu kubwa ya fedha hizo ikitokana na bahati nasibu ya jimbo. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kuvutana na serikali ya jimbo, akaondoka, na hakurudi kuliona jengo lake mpaka alipofariki mwaka 2008. Nani, akiwa na daftari la hesabu mkononi, angetia saini jambo kama hilo?

Nalikubali pingamizi hilo kwa nusu. Hakuna hesabu ya mapema ambayo ingeruhusu Sydney, na ulimwengu ungekuwa maskini zaidi. Lakini angalia miaka hiyo ya kuchelewa ilitumikaje. Maganda ya paa katika mchoro wa kwanza yalikuwa ya mpindo huru, kila moja na lake, na hakuna mkandarasi aliyeweza kuyajenga bila kutengeneza kalibu mpya kwa kila kipande. Mwaka 1961 ufumbuzi ukapatikana: maganda yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja. Mara moja mbavu za zege zikaweza kumwagwa kwa kalibu zilezile, na vigae zaidi ya milioni moja vikapangwa kwenye mabamba chini, ardhini, kabla ya kupandishwa juu. Jengo ambalo kila kipande chake kilikuwa yatima likapata ukoo. Kigae kikipasuka, kinajulikana kipimo chake. Kisha, mwaka 1999, serikali ya jimbo ilimrudia mzee yule iliyegombana naye, naye akakubali kuandika kanuni za usanifu wa jengo hilo ili ziwaongoze watakaolirekebisha miaka yote ijayo. Zilichapishwa mwaka 2002. Ukumbi wake mkubwa wa muziki, uliolalamikiwa kwa miongo kadhaa kwamba sauti hazisikiki sawasawa, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2022. Kwa hiyo Sydney ilivunja kila kanuni ya bajeti, lakini kanuni ninayoitetea hapa haikuivunja. Ilichelewa kuitimiza, na kwa gharama ambayo jimbo tajiri liliimudu. Mji usio na mfuko wa namna hiyo afadhali uitimize kwenye karatasi kwanza.

Pingamizi la Bilbao ni jepesi zaidi. Tangu jumba la Guggenheim, nalo la Gehry, lilipofunguliwa katika mji huo wa Hispania mwaka 1997 likiwa limevishwa titani inayobadilika rangi na mawingu, mameya wa miji mingi wamekuwa wakiamini kwamba jengo moja la ajabu huokoa uchumi uliokufa. Husahau kwamba Bilbao ilikuwa imefungua reli ya chini ya ardhi miaka miwili kabla, kwamba mto wake ulikuwa ukisafishwa kwa fedha nyingi, na kwamba serikali ya jimbo la Basque ilisimama nyuma ya kila kitu. Wanaoiga huiga titani. Anayetaka kuona mwisho wa jengo lililotegemea mshangao peke yake aangalie Newark, mji mdogo wa Ohio, ambako kampuni ya vikapu ya Longaberger ilijenga mwaka 1997 ofisi ya ghorofa saba kwa umbo kamili la kikapu, mikono miwili ikiwa juu ya paa na kuwekewa mitambo ya joto ili barafu isigande juu yake na kudondokea vioo. Mwaka 2016 wafanyakazi wa mwisho walihama. Kampuni nyingine ipi ingetaka kufanya kazi ndani ya kikapu, na kulipia umeme wa kupasha mikono yake joto?

Yupo mtu mmoja ambaye naona hakuwa na deni na yeyote. Ferdinand Cheval, mpeleka barua wa kijiji cha Hauterives nchini Ufaransa, alianza mwaka 1879 kuokota mawe njiani na kujenga kasri la ndoto zake kwenye shamba lake, akalimaliza mwaka 1912, miaka 33 baadaye, bila kufundishwa uashi. Mtu anayejenga kwa jasho lake, kwenye ardhi yake, na kulitengeneza mwenyewe, ana haki ya kuwa wa ajabu apendavyo, na mwongozo wowote wa serikali unaomzuia ni uonevu. Mambo yalibadilika mwaka 1969, dola ya Ufaransa ilipolitangaza kasri hilo kuwa kumbukumbu ya kihistoria. Tangu siku hiyo matengenezo yakawa jambo la umma, na swali la nani atapanda juu ya paa likawa halali.

Inabaki hoja inayorudiwa mara nyingi Afrika, kwamba sisi tuache maajabu kwa wenye nazo na tujenge masanduku ya kawaida mpaka tushibe. Hoja hii inachukulia kwamba sanduku la kawaida ni rahisi kulitunza. Ghorofa la vioo kutoka juu mpaka chini, kando ya Bahari ya Hindi, huishi kwa viyoyozi. Mtambo ukifa na kipuri kiko ng'ambo, wafanyakazi hukaa ndani ya tanuri mpaka meli ifike. Limezoeleka, kwa hiyo hatuliiti la ajabu, lakini kwa kipimo cha matengenezo ni la ajabu kuliko msikiti wa Djenné. Harare wanalo jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, ambalo huvuta hewa baridi ya usiku kwa feni, likaihifadhi kwenye zege na kuitumia mchana, pasipo mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Pearce alisema alijifunza kwa mchwa. Watafiti waliokuja kuchunguza vichuguu baadaye walikuta kwamba mchwa hawafanyi hivyo hasa, na jengo likaendelea kufanya kazi bila kujali. Feni, angalau, fundi wa Harare anaijua.

Mfano ulio bora zaidi uko Gando, kijiji cha Burkina Faso, ambako Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Paa lake linashangaza: bati limeinuliwa mbali na dari, likiwa limebebwa na vyuma vyembamba, kama kofia iliyopeperushwa kidogo na upepo. Chini yake lipo dari la matofali lenye matundu. Hewa ya moto hupanda, hupita kwenye matundu na kuondoka kati ya dari na bati, na darasa hubaki na ubaridi bila waya hata mmoja. Matofali ni udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji kidogo. Vyuma vya paa ni nondo za kawaida za ujenzi, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Wanakijiji walifundishwa kazi hizo wakizifanya, na ujuzi ukabaki nao kwa ajili ya nyumba za walimu na madarasa yaliyofuata. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Kwa jirani zetu, huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, Kéré amejenga kituo cha mafunzo ya teknolojia kwa vijana, chenye minara mirefu ya kutolea joto inayofanana na vichuguu vya eneo hilo. Watu wanaosema ajabu ni anasa ya matajiri hawajaitazama ramani vizuri.

Nairobi nayo inakumbusha kwamba hata umiliki ni sehemu ya matengenezo. Jumba la mikutano la KICC, kazi ya Mnorwei Karl Henrik Nøstvik na Mkenya David Mutiso, lilianza likikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU, likakua mpaka kuwa mnara wa ghorofa 28 wenye ukumbi pembeni mfano wa ua lililofumba, na mwaka 1973 likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Baadaye likaingia mikononi mwa chama, na mwaka 2003 serikali ikalirudisha kwa umma. Jengo lisilojulikana ni la nani halina wa kulaumiwa paa likivuja, na lisilo na wa kulaumiwa litavuja.

Ninachopendekeza kwa halmashauri na wizara zetu hakihitaji sheria mpya wala kamati ya kuhukumu uzuri. Shindano la jengo la umma likitangazwa, kila mshindani aambatanishe na michoro yake kitabu cha matengenezo cha miaka 50: nani ataosha vioo na kwa ngazi gani, kila kipande kisichopatikana madukani kitatoka wapi, ni mafundi wangapi wa hapa watafundishwa wakati wa ujenzi, na mwenye jengo atenge kiasi gani kila mwaka katika bajeti. Msanifu mwenye kipaji hatatishwa na masharti hayo. Utzon na wahandisi wake walihangaika miaka kadhaa kutafuta kanuni itakayofanya vipande vyao virudiwe, Eiffel alifikiria rangi, na waashi wa Djenné walichomeka magogo. Atakayetishwa ni yule ambaye kazi yake inaishia kwenye picha ya siku ya uzinduzi, na huyo ni heri tumjue mapema.

Mtihani wa kwanza uko tayari. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeahidi kulijenga upya Beit-al-Ajaib. Mjadala utakuwa, kama kawaida, juu ya sura: mnara wa saa uwe vilevile au la, nguzo ziwe za chuma cha zamani au cha sasa. Hayo yana wenyewe na wayajadili. Mwananchi asome kwanza ukurasa wa mkataba unaotaja waashi wa chokaa na maseremala wa boriti watakaobaki kwenye malipo baada ya wageni wa ufunguzi kuondoka. Kama ukurasa huo haumo, mbunge, mwakilishi na mwandishi wa habari waanze kuuliza sasa, kabla utepe haujakatwa.